Pumba kwa Kuku, Sembe kwa Watu?



Juzi nilipita kwenye mashine ya kusaga. Akina mama wawili walikuwa kwenye foleni. Mmoja alitaka kusaga dona. Mwenzake akacheka, akasema, "Dona? Kwani kwenu kuna njaa?" Yule mama akaona haya, akakoboa. Pumba akawapelekea kuku. Nikasema moyoni: leo kuku watakula vizuri kuliko wenye nyumba.

Tujifunze kwa nini.

1. MAKAPI-MLO NI NINI?

Punje ya hindi ina ganda, kiini na wanga. Tukikoboa, ganda na kiini huondoka. Sembe tunayobaki nayo karibu yote ni wanga. Katika ganda mna nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Hizo huitwa makapi-mlo. Zimo pia katika maharage, kunde, mbaazi, ulezi, mtama, mboga za majani na matunda. Katika nyama, mayai na sukari hazimo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 25 za makapi-mlo kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10.

2. YANAFANYA KAZI GANI?

Wanga tunaokula hugeuka sukari na kuingia katika damu. Ninyi wakulima mnajua: mvua ikinyesha kwenye mtelemko usio na majani, maji hushuka kwa nguvu na kubomoa. Penye majani hushuka polepole. Makapi-mlo ni kama yale majani. Huizuia sukari isiingie kwenye damu kwa mkupuo. Maharage na kunde hufanya kazi hii vizuri zaidi. Dona husaidia kiasi, lakini nayo ni wanga. Ukila mlima wa ugali wa dona, sukari itapanda tu.

Tena makapi-mlo hujaza tumbo, ukashiba mapema. Yakifika utumbo mpana, huliwa na vijidudu wema wanaoishi humo. Vijidudu hao hutengeneza vitu vinavyousaidia mwili kutambua kwamba umeshiba.

3. MAZIWA YA MGANDO

Vijidudu wema wamo pia katika maziwa ya mgando. Wao hula sehemu ya sukari ya maziwa, ndiyo maana yanakuwa machachu. Maziwa haya hushibisha, na huenda yakasaidia sukari ya damu kidogo. Lakini ukitia vijiko vitatu vya sukari, umeharibu kazi yote.

Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba. Kwa hiyo yachemshe kwanza. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha tia kijiko cha mgando mzuri, ufunike.

4. TAHADHARI

(a) Mgonjwa wa kisukari asiache dawa kwa sababu anakula dona na maharage. Chakula husaidia dawa, hakichukui nafasi yake. Wapo walioacha dawa wakaishia kubebwa kwa machela. Akitaka kubadili chakula, amweleze mganga wa zahanati.

(b) Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dona hubakiza ganda, kwa hiyo yakaushe mahindi sawasawa, uyachambue, na mabovu uyatupe. Usiwape hata kuku.

(c) Kama hukuzoea, anza kidogo kidogo na unywe maji ya kutosha. La sivyo tumbo litajaa gesi.

Daktari Denis Burkitt alianza kazi ya upasuaji Uganda mwaka 1946. Aliona kwamba wanavijiji, waliokula makapi-mlo mengi, hawakupata sana magonjwa ya tumbo yaliyowasumbua watu wa Uingereza. Katika miaka ya 1970 aliieleza dunia habari hiyo. Wageni walisifu chakula chetu. Sisi tunakionea haya. Mama, saga dona yako bila aibu!

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sukari ya damu hupanda upesi mtu akila ugali wa sembe mtupu?
2. Jana ulikula nini? Taja vyakula vilivyokuwa na makapi-mlo.
3. Jirani yako mwenye kisukari ameacha dawa. Utamwambia nini?