Kipimo bila kuhesabu ni maneno tu

Ndugu memba wa koperative,

Hakuna mulimaji anayekula maharagi yote na kubaki bila mbegu. Samaki na miti nayo ni vile vile: inazaa tena, lakini tukichukua kupita vile inazaa, inaisha. Njo maana tunaweka kota, ni kusema kipimo ambacho hakuna mutu anaruhusiwa kupita.

Tuangalie Ziwa Edouard, ndani ya Parke ya Virunga. Upande wa Congo, sheria inakubali pesheri tatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Kipimo cha kwanza pale ni hesabu ya pirogi zenye ruhusa. Sababu ni nini? Kilo za samaki zinafichwa usiku, lakini pirogi yenye namba kila mutu anaiona. Tena kuna macho ya nyavu, na mahali samaki anazalia. Tilapia mama anabeba mayai ndani ya kinywa: ukimuvua, umevua na watoto wake.

Wakati wa vita, pirogi bila ruhusa ziliongezeka sana. Kipimo hakifi siku mwizi anaingia. Kinakufa siku mutu wa haki anaona ni yeye peke yake anafuata sheria.

Sasa tuje kwa miti yetu ya makala. Tuseme muko na hektari 7 za mikaratusi, na muti unakatwa ukiwa na miaka 7. Kipimo ni hektari 1 kila mwaka. Mukimaliza kipande cha 7, kile cha kwanza kimekomaa tena. Ili kipimo kiheshimiwe:

1. Mupake rangi miti ya mwaka huu, memba wote wakiona.
2. Muhesabu magunia kwenye barabara, watu wawili pamoja. Daftari isomwe kwa mukutano.
3. Amande ijulikane mbele ya kukata: kidogo mara ya kwanza, mara mbili ikirudiwa, kisha kukosa zamu.
4. Prezida akikosa, alipe kama wengine.
5. Memba mwenye mugonjwa asisukumwe kukata kwa siri. Mutenge feza ya kumukopesha.

Kwa mukutano unaokuja, muulizane: kwetu nani anahesabu? Na nani anamuangalia yule anayehesabu?