Programu ya nyuma na kibodi

Swali: Nikiweka alama ya & mwishoni mwa amri kwenye Linux, programu huendelea kufanya kazi nyuma. Lakini ile inayoniuliza jina husimamishwa hata kabla sijajibu. Je, ina hitilafu?

Jibu: Haina. Terminali huwa na kundi moja tu la michakato lililo mbele, na hilo ndilo lenye haki ya kusoma kibodi. Kundi la nyuma likijaribu kusoma, kerneli hulipelekea ishara ya SIGTTIN, ambayo kwa kawaida hulisimamisha bila kuliua. Ni ulinzi wa thamani sana: programu mbili zikigombea herufi zako, nusu ya nenosiri ingeangukia pasipostahili.

Andika jobs uone namba ya kazi, kisha fg %1 uirudishe mbele uijibu. Kuandika kwenye skrini ni suala tofauti. Programu ya nyuma huruhusiwa, isipokuwa umewasha stty tostop, ambapo hupata SIGTTOU.

Kama programu inaweza kuendelea bila majibu yako, ongeza < /dev/null kabla ya &. Ikisoma, itakuta mwisho wa faili papo hapo, wala haitasimamishwa.