Mgao wa Gharama za Jumla Viwandani: Kipimo cha Saa na Kipimo cha Shughuli

Madhumuni ya makala haya ni kulinganisha njia mbili za kugawa gharama za jumla za kiwanda, yaani zile zisizoweza kuhesabiwa moja kwa moja juu ya bidhaa fulani: mshahara wa msimamizi, ukaguzi wa ubora, utayarishaji wa mashine, utunzaji wa ghala. Wapo wanaoziita gharama za ziada. Istilahi hiyo inapotosha, kwani kiwanda hakiwezi kwenda bila ya gharama hizo, na penye mashine nyingi huweza kuupita ujira wa mafundi.

Njia ya kimapokeo hukusanya gharama hizi katika fungu moja, kisha huzigawa kwa kipimo kimoja, aghalabu saa za kazi za mafundi. Ilikuwa na mantiki yake pale ujira ulipokuwa sehemu kubwa ya gharama zote. Hata hivyo, tangu mwaka 1901 mhandisi Alexander Hamilton Church alikwisha kuikosoa. Njia ya pili, iliyoenezwa na Robin Cooper na Robert Kaplan wa Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1980, huuliza kwanza ni shughuli gani iliyozaa gharama, na ni bidhaa ipi iliyoidai shughuli hiyo.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Kiwanda kinatengeneza sufuria 9,500 za kawaida na 500 za oda maalumu, kila moja kwa saa moja ya kazi. Gharama za jumla ni shilingi 10,000,000. Kwa kipimo cha saa, kila sufuria hubeba shilingi 1,000. Lakini tuseme shilingi 6,000,000 kati ya hizo zilitumika kutayarisha mashine mara 40, na mara 30 zilikuwa kwa ajili ya oda maalumu. Kila utayarishaji hugharimu shilingi 150,000, na shilingi 4,000,000 zilizobaki hugawanywa kwa saa, yaani shilingi 400 kwa sufuria. Sasa sufuria ya kawaida inabeba shilingi 558 hivi, na ile ya oda maalumu shilingi 9,400. Hakuna senti iliyoongezeka. Kilichobadilika ni nani anambebea nani mzigo.

Kosa hili si la kitabuni tu. Kiwanda cha vipuri cha John Deere huko Waterloo, Iowa, ambacho habari zake ziliandikwa Harvard mwaka 1987, kilikuwa kikishindana na wengine kupata kazi. Kilishindwa katika vipuri vya idadi kubwa, ambavyo mashine zake zilivifaa hasa, na kikashinda katika vile vya idadi ndogo. Bei zilizotokana na kipimo cha kimapokeo ndizo zilizokuwa zikikipeleka huko.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba njia ya shughuli hufichua gharama “halisi”. Meneja akiacha sufuria za oda maalumu leo, shilingi 4,700,000 walizobebeshwa wateja wake kwenye hesabu hazirudi mfukoni kesho: mafundi watayarishaji bado wamo kazini, na mishahara yao italipwa. Akiba itapatikana tu pale nguvukazi hiyo itakapopewa kazi nyingine au kupunguzwa. Wanafunzi wengi hulipita jambo hili haraka.

Aidha, takwimu zenyewe hutokana na kuwahoji wafanyakazi. Mfanyakazi akiulizwa anavyogawa muda wake, majibu yake hufika asilimia 100, kana kwamba hapumziki wala hasubiri. Muda usiotumika huingizwa hivyo katika gharama ya bidhaa. Mwaka 2004 Kaplan na Steven Anderson walipendekeza njia nyepesi zaidi: kukadiria dakika zinazohitajika kwa kila shughuli na gharama ya kila dakika ya uwezo uliopo. Dakika zisizodaiwa na bidhaa yoyote huonekana peke yake, na gharama yake humwelekea meneja badala ya mnunuzi wa sufuria.