Mayai Yasiyoonekana kwenye Kioo

Swali: Kwa nini kipimo cha choo huonyesha kuwa mtu hana minyoo, ilhali siku chache baadaye kipimo kingine humkuta nayo?

Jibu: Kinachotafutwa kwa hadubini kwa kawaida si mnyoo wenyewe bali mayai yake, ambayo hayatoki kwa wingi uleule kila siku wala hayasambai sawasawa ndani ya choo. Katika njia ya Kato-Katz, choo kilichochujwa hujazwa kwenye tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7 tu, kisha huachwa juu ya kioo na kufunikwa kwa selofani iliyolowekwa katika gliserini, kimiminika kinachofanya choo kipitishe mwanga ili mayai yaonekane. Idadi ya mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai ya gramu moja. Mtego upo kwenye muda: mayai ya minyoo ya safura, yenye ganda jembamba, hufifia hadi kutoonekana ndani ya saa moja hivi, hivyo kioo kilichosubiri mpimaji anywe chai hakiaminiki. Strongiloidesi, mnyoo ambao hutoa lava, yaani minyoo michanga, badala ya mayai, huhitaji njia nyingine kabisa. Mwenye dalili zisizokoma na apeleke sampuli mbichi kwa siku 2 au 3 tofauti.