Dondoo muhimu: Kunadi viungo vya Uluguru mtandaoni

Mnunuzi wa Dar es Salaam au Dodoma hawezi kunusa karafuu zako za Kinole, Mkuyuni au Matombo, kwa hiyo picha ndiyo inayouza. Kwanza chambua makonyo yote. Kisha vunja karafuu moja kwa vidole: ikikatika kwa mlio, imekauka, ikipinda, irudishe juani, la sivyo mzigo utaota ukungu njiani. Piga picha mchana, kivulini, bila kurembesha rangi. Onyesha gunia zima, karafuu chache kiganjani zikiwa na vichwa vyake, na mzigo ukiwa juu ya mizani.

Iwe ni Facebook au kundi la WhatsApp, tangaza mapema bei ya kuanzia, kiasi cha kupandishia dau na saa ya kufunga. Bei ya kuanzia irudishe angalau gharama zako za kuchuma, kukausha na usafiri. Muda ukiisha, mpe aliyeshinda, hata mwingine akikufuata pembeni na bei kubwa zaidi. Ukimgeuka mara moja tu, kundi zima litajua, na mnada wako ujao hautapata watu.

Kuhusu malipo, usiamini ujumbe uliotumiwa na mnunuzi wala picha ya muamala. Fungua menyu ya simu yako, tazama salio mwenyewe, ndipo upeleke mzigo stendi ya Msamvu. Dai risiti ya kifurushi, na umtumie mnunuzi picha ya risiti hiyo pamoja na namba ya basi kabla halijaondoka.