SOMO LA KIKUNDI: MOSHI HAUGAWANYWI SAWA

Ndugu wanavikundi, wengi wetu hudhani huko Ulaya kila mtu anavuta hewa safi. Sivyo.

Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto mweusi wa London, alikaa karibu na barabara kuu yenye magari mengi. Alikuwa na pumu. Alifariki Februari 2013, akiwa na miaka 9. Uchunguzi wa 2014 uliishia kusema tu kwamba alishindwa kupumua. Mama yake, Rosamund, hakunyamaza. Desemba 2020 uchunguzi wa pili ukaamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho. Uamuzi wa namna hiyo ulikuwa wa kwanza Uingereza.

Hapa haki inaingiaje? Petroli na dizeli zikichomwa, moshi wake huumiza mapafu na pia huongeza joto duniani. Uchunguzi wa jiji la London umeonyesha kwamba watu weusi ndio hukaa zaidi penye hewa chafu. Na maskini wengi hawana hata gari! Mwenye kuchafua ni mmoja, mwenye kukohoa ni mwingine.

Zungumzeni:
1. Kwetu, ni nani anayekaa karibu na moshi au takataka? Kwa nini?
2. Mama huyu angenyamaza, ni nini kisingejulikana?