MASHUA IKIINGIA MAJI, JE, ITAZAMA?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, huenda ukauliza, sisi watu wa milima na migomba tuna haja gani na habari za mashua? Hebu pita soko la Daraja Mbili uone omena zinavyouzwa. Omena hizo zimetoka Ziwa Victoria. Watu wetu nao huteremka Homa Bay na Mbita kwa shughuli zao, na wengine huabiri motaboti hadi kisiwa cha Mfangano. Kwa hivyo somo hili ni letu pia.

Kwanza, kwa nini chombo huelea? Archimedes alitufundisha kwamba kitu kilicho majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasukuma kando. Jaribu nyumbani. Weka sufuria tupu kwenye karai la maji. Itaelea, ingawa ni ya madini. Ijaze maji, itazama mara moja. Sasa chukua mwiko wa mbao, uukandamize hadi chini, kisha uuachilie. Utaibuka tu! Sufuria ilibebwa na hewa iliyokuwa ndani yake, lakini mwiko hubebwa na mbao yenyewe. Basi, ukiulizwa kama mashua fulani itazama, uliza kwanza: inabebwa na nini?

Tuchukue mfano. Mashua ya mbao ina uzito wa kilo 400, na kila lita ya mbao yake ina uzito wa gramu 600. Ujazo wa mbao hiyo ni karibu lita 667. Ikifunikwa na maji yote, itasukumwa juu kwa nguvu ya kubeba kilo 667. Toa kilo 400 zake yenyewe, zinabaki 267. Toa injini ya kilo 50, zinabaki 217. Kwa hivyo mashua hii, hata ikijaa pomoni, haizami. Itabaki imelala majini, kingo zake zikichungulia. Lakini ikiwa ina magunia matano ya mchanga, hesabu inageuka. Vilevile mashua ya chuma au ya plastiki ngumu ya nyuzi za kioo huenda chini kama ile sufuria, isipokuwa imewekewa vyumba vya hewa au povu gumu.

Hata hivyo, msifurahi mapema. Hatari kubwa huja kabla mashua haijajaa. Waswahili husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini ya chombo maji yanapokusanyika. Tuseme sakafu ya mashua ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 1, na maji yamefika sentimita 10 tu, hata vifundo vya miguu hayajapita sana. Maji hayo ni lita 500, yaani kilo 500! Ni kama abiria wanane wa ziada ambao hawakubali kuketi. Wimbi likiinamisha mashua kushoto, wote wanane wanakimbilia kushoto. Abiria wenyewe nao wakisimama kwa hofu, mashua inapinduka. Ndiyo maana mabaharia hufua maji mapema kwa upo au ndoo. Ndoo 25 za lita 20 zinatosha kuwashusha "abiria" hao wote.

Ziwa letu limetufunza kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Ilikuwa ya chuma, lakini iliendelea kuelea kichwa chini kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Waokoaji walipoitoboa ili kuwafikia waliokwama, hewa ilitoka na meli ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Siku mbili baadaye, fundi mmoja alitolewa humo akiwa hai. Alikuwa amepata mahali penye hewa.

Kwa hivyo, ndugu zangu, ukiabiri motaboti fanya hivi. Vaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka, si wakati maji yameingia. Kataa chombo kilichojazwa kupita kiasi. Maji yakiingia, keti chini, katikati, na wengine wafue. Kikipinduka, kishikilie ukiwa majini. Usijaribu kuogelea hadi ufuo unaouona karibu, kwani macho hudanganya. Mwenye mashua naye anaweza kufunga chini ya viti mitungi ya plastiki ya lita 20, mitupu na iliyozibwa vizuri. Kila mmoja hubeba karibu kilo 19. Ni bei nafuu kuliko jeneza.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini kinyago cha jiwe la Tabaka huzama, ilhali bakuli jembamba la jiwe lilo hilo laweza kuelea?
2. Mashua ya mfano wetu ikifungiwa mitungi kumi, itaweza kubeba kilo ngapi zaidi ikiwa imejaa maji?
3. Ni lipi baya zaidi: maji ya kilo 500 au mchanga wa kilo 500 uliofungwa katika magunia? Eleza.